Nitamkanyaje mdogo wangu asivute bangi, ilhali mimi mwenyewe navuta?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 27. Nina kazi ninayoipenda, na sijawahi kukosa kwenda kazini kwa sababu ya ulevi wa aina yoyote. Naishi na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 19, ambaye wazazi wetu walimleta kwangu alipoanza chuo wakiamini kwamba chini ya uangalizi wangu atasoma kwa utulivu. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo napaswa kumwambia, na kila nikijaribu kulianza maneno yananikauka mdomoni.

Nilianza kuvuta bangi nikiwa chuoni. Wakati huo lilikuwa jambo la kikundi: tulikutana marafiki mwishoni mwa juma, msokoto mmoja ukazunguka mikononi mwa watu watano au sita, tukacheka na kusikiliza muziki, kisha kila mtu akaenda zake, na pengine mwezi mzima ungepita kabla ya kurudia. Hakuna miongoni mwetu aliyekuwa akiweka bangi nyumbani. Leo mambo yamebadilika bila mimi kukaa chini na kuamua kwamba yabadilike. Wale marafiki wameoa na kuolewa, wengine wamehama. Mahali pa msokoto sasa pana kifaa kidogo cha mvuke kinachoingia mfukoni, kisichotoa moshi wala kuacha harufu kwenye nguo. Kila usiku, nikishaosha vyombo na kuzima taa ya sebuleni, najifungia chumbani, nafungua dirisha na kuvuta. Hapo mwanzo mvuto mmoja ulitosha kunipa usingizi. Siku hizi navuta, nasubiri, navuta tena, na kuna usiku ambao huamka katikati nikakipapasa kifaa gizani ili niweze kulala upya. Siku za mapumziko naanza kuvuta tangu mchana.

Sijioni kuwa mraibu. Nikilisikia neno hilo, anayenijia akilini ni mtu aliyeuza vyombo vya nyumbani kwake na kulala barazani kwa watu. Mimi nalipa kodi ya nyumba kwa wakati, nawasaidia wazazi, na mwaka uliopita nilipandishwa cheo. Pombe siigusi kabisa, na kwa muda mrefu nimejiambia kwamba mmea wa asili hauwezi kuwa na madhara kuliko chupa, hasa sasa ambapo nchi kadhaa zimeuhalalisha. Hata hivyo, miezi michache iliyopita nilisafiri kikazi kwenda mahali ambako sikuthubutu kubeba kifaa changu. Usiku wa kwanza sikulala. Uliofuata nililala kwa vipande, nikaota ndoto za kutisha zilizo wazi mno, nikaamka shuka limelowa jasho. Chakula kilinishinda. Mchana nilimfokea mwenzangu mbele ya watu kwa sababu tu aliketi kwenye kiti nilichokuwa nimeweka mkoba wangu, jambo lisilofanana nami hata kidogo. Niliporudi nyumbani nilivuta hata kabla ya kufungua begi, na ndani ya dakika chache kila kitu kikatulia. Nikaona huo ni ushahidi kwamba bangi ndiyo dawa yangu ya usingizi.

Sasa kuhusu mdogo wangu. Hivi karibuni niliingia chumbani kwake kuchukua pasi, nikakuta dirisha liko wazi, taulo limesukumwa kando ya mlango, na kifaa kinachofanana na changu kimechomekwa kwenye chaja kando ya vitabu vyake. Hakukana. Alinijibu kwa upole, bila ufidhuli wowote: "Dada, mbona na wewe unavuta kila siku, na mambo yako yanakwenda?" Nilitoka na pasi mkononi bila kusema neno. Baadaye niligundua kwamba huvuta asubuhi kabla ya masomo, akiwa peke yake, na anasema kwamba humwondolea wasiwasi. Matokeo yake ya muhula uliopita yameshuka.

Kinachoninyima amani zaidi ni habari ya mjomba wetu, kaka yake mama. Alianza kusikia sauti akiwa kijana wa miaka 20 na kidogo, na hadi leo yuko kwenye matibabu ya ugonjwa wa akili. Kwetu husemwa kwamba bangi ndiyo iliyomharibu. Wazazi wakijua yanayoendelea humu ndani, watasema mimi ndiye niliyemharibu mtoto wao.

Je, nimkanye huku nami navuta? Niache kwanza, ndipo nipate uso wa kuzungumza naye? Niwaambie wazazi? Au nalikuza jambo dogo kwa sababu ya hofu tu?

Dada Mwenye Mashaka

*

Dada yangu mpendwa,

Asante kwa kuniamini na kuyaandika haya kwa ukamilifu, pamoja na yale ambayo bila shaka yalikuwa magumu kuyaandika. Kwa jinsi ninavyokuelewa, una maswali mawili. Moja linahusu usingizi wako na kile kifaa kilichoko chumbani kwako; la pili linamhusu kijana uliyekabidhiwa. Aibu imeyafunga maswali hayo kwa fundo moja, kiasi kwamba unahisi huna ruhusa ya kuligusa la pili kabla hujalimaliza la kwanza. Ningependa tulilegeze fundo hilo kidogo, kwa sababu sioni kwamba ni lazima liwepo.

Nianze na sehemu ya barua yako iliyonigusa kuliko zote, pale unaposema kwamba mambo yalibadilika bila wewe kukaa chini na kuamua. Mabadiliko hayo hayakukupata peke yako. Nchini Marekani, ambako utafiti umefuatilia suala hili kwa miongo mingi, mwaka 2022 asilimia 44 ya watu wenye umri wa miaka 19 hadi 30 walisema wametumia bangi ndani ya mwaka huo, na asilimia 11 walikuwa wakiitumia kila siku au karibu kila siku, viwango ambavyo havikuwahi kuonekana kabla katika rika hilo. Mwaka uliofuata, wanawake wa rika lako waliripoti kuitumia kuliko wanaume. Aidha, mwaka huohuo wa 2022, idadi ya Wamarekani wanaotumia bangi kila siku au karibu kila siku, takribani milioni 17.7, iliipita idadi ya wanaokunywa pombe kwa kiwango hicho, takribani milioni 14.7. Takwimu hizi ni za nchi moja, lakini mwelekeo wake unafanana sana na maisha uliyonieleza: jambo la mara mojamoja limekuwa la kila siku, na la kikundi limekuwa la mtu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa.

Kilichomo ndani ya kifaa nacho kimebadilika, na hapa naomba uniruhusu niliulize swali lile wazo lako la mmea wa asili. Katika bangi iliyokamatwa na vyombo vya sheria vya Marekani, THC, yaani kemikali inayolevya, ilikuwa takribani asilimia 4 mwaka 1995, na kufikia 2014 ilikuwa takribani asilimia 12. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye mmea na kujazwa kwenye vifaa vya mvuke mara nyingi huvuka asilimia 60. Je, unachovuta usiku ni kitu kilekile mlichokuwa mkigawana watu sita chuoni? Kikundi kile, pamoja na mapungufu yake yote, kilikuwa pia breki: ulisubiri mwisho wa juma, ukasubiri zamu yako, na harufu yenyewe ilikulazimisha kuchagua mahali na wakati. Kifaa kimeziondoa breki hizo zote kwa mkupuo mmoja, tena bila kelele, ndiyo maana sikushangaa kwamba hukuyaona mabadiliko yakiingia.

Kuhusu nchi zilizohalalisha, ni kweli zipo. Uruguay ilipitisha sheria yake mwaka 2013, Kanada ikafuata 2018, na Ujerumani 2024. Lakini zisome sheria hizo kwa karibu, maana hazisemi kwamba bangi haina madhara. Ile ya Ujerumani, kwa mfano, inavikataza vyama vya wakulima wa bangi kuwapa wanachama wa miaka 18 hadi 21 bangi yenye THC inayozidi asilimia 10, na sababu ni kwamba ubongo wa kijana unaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mdogo wako yumo ndani ya umri huo. Na kama mahali mnapoishi sheria bado inakataza, basi ninyi wawili mna hatari nyingine juu ya ile ya kiafya, na haipungui kwa sababu ya sheria za nchi nyingine.

Sasa safari yako ya kikazi. Umeisoma kuwa ushahidi kwamba bangi ni dawa yako. Naomba tuisome mara ya pili, tukiwa pamoja. Kukosa usingizi, ndoto zilizo wazi mno, jasho la usiku, kukosa hamu ya kula na hasira zisizo na sababu ndivyo wataalamu wanavyoieleza hali ya mtu aliyezoea bangi ya kila siku anapoikosa, ile ambayo mitaani huitwa arosto. Huanza ndani ya siku moja hadi tatu, hupamba moto katika wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki mbili, ingawa usingizi unaweza kuchelewa zaidi kurudi. Ndoto nazo zina maelezo yake: THC huibana hatua ya usingizi yenye ndoto, na ikiondoka ghafla, ndoto hurudi kwa nguvu. Kwa hiyo inawezekana kwamba kilichotulia ulipovuta kabla ya kufungua begi ni arosto yenyewe. Sikuambii kwamba huna tatizo la usingizi. Huenda unalo, tena la kweli. Ninachosema ni kwamba kwa sasa wewe wala mimi hatuwezi kujua ni sehemu gani ni ya usingizi na ni sehemu gani imeletwa na tiba yake.

Jambo lingine nililoligundua ni kwamba katika barua ndefu namna hii hakuna sentensi hata moja inayoeleza kilichokuwa kikikunyima usingizi hapo mwanzo. Hakuna pia mtu unayezungumza naye jioni. Marafiki wametajwa mara moja tu, katika habari ya kuondoka kwao. Huenda ni bahati tu ya uandishi, nami siwezi kudai kwamba nakujua kupitia karatasi. Lakini ningetamani ujiulize kifaa kile kinajaza nafasi ya nini, kwa kuwa ukikiondoa, nafasi hiyo itabaki wazi na itakusumbua.

Hutaki kujiita mraibu, nami sitakupa jina hilo wala kukuondolea. Itoshe kusema kwamba wataalamu hawaangalii kama mtu ameuza vyombo vya nyumbani. Huangalia kama kiasi kimekuwa kikipanda ili kuleta matokeo yaleyale, kama mtu hupata taabu anapokosa, kama amewahi kutaka kupunguza akashindwa, na kama matumizi yanaendelea hata pale yanapoleta shida. Mtu anaweza kupandishwa cheo na bado akawa na mambo hayo mawili au matatu. Mazungumzo hayo yafanye na mhudumu wa afya anayekuona uso kwa uso.

Ukiamua kuacha kwa mkupuo, ujue kwamba arosto ya bangi kwa kawaida haitishii uhai jinsi inavyoweza kutokea kwa mnywaji mkubwa wa pombe anayekatisha ghafla. Usiku wa kwanza kadhaa, hata hivyo, utakuwa mgumu, na hatari iliyo kubwa ni kurudia usiku wa tatu kisha ukajihukumu kuwa umeshindwa. Wapo wanaopunguza polepole, wakianza kwa kuondoa ule mvuto wa katikati ya usiku, halafu wa mchana wa mapumziko, na kuusogeza mbele ule wa kulalia. Ugumu wa njia hii ni kwamba kifaa cha mvuke hakina kipimo ambacho macho yanaweza kukiona. Wengine huhamia kwenye vyakula vyenye bangi wakidhani ni salama zaidi, nami njia hiyo naiogopa, kwa maana kilicholiwa huweza kuchukua nusu saa hadi saa mbili kabla ya kufanya kazi, mtu akadhani hakuna kitu, akaongeza, na kulemewa kwa saa nyingi. Naogopa vilevile kuziba pengo kwa pombe au vidonge vya kulalia ulivyojinunulia. Kwa usingizi wenyewe ipo tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa mahsusi kwa wasiolala, na ndiyo ambayo madaktari hushauri ijaribiwe kwanza. Kuendelea ulivyo nako ni njia, lakini kwa mwendo uliouandika kiasi kinapanda, na kama siku moja mwajiri atadai kipimo cha mkojo, THC ya mtumiaji wa kila siku huweza kuonekana wiki kadhaa baada ya mvuto wa mwisho.

Tuje kwa mjomba. Familia hupenda kuwa na sababu moja ya msiba wao, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama mjomba angeugua au asingeugua bila bangi. Watumiaji wengi hawapatwi na ugonjwa wa namna hiyo. Lakini hofu yako si ya kupuuzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha miji ya Ulaya na Brazil, ulionyesha kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano karibu mara tano wa kupata ugonjwa wa akili wa aina ya kusikia sauti na kupoteza uhalisia, ukilinganisha na wasiowahi kutumia. Uhusiano huo peke yake hauthibitishi chanzo. Hata hivyo, ukiuweka karibu na mambo mengine matatu, yaani ndugu wa damu aliyeugua, umri ambao maradhi haya huanza, na mafuta makali kila asubuhi, utaelewa kwa nini siwezi kukujibu kwamba unalikuza jambo dogo. Damu ya mjomba ni yako pia, usijisahau. Na ukimwona mdogo wako anaanza kuwashuku watu bila msingi, anasikia yasiyosemwa, maneno yake hayashikani, au anakesha siku kadhaa mfululizo, usisubiri wakati mwafaka wa mazungumzo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na wazazi waambiwe.

Kama dalili hizo hazipo, una muda. Unadhani lazima uache kwanza ndipo upate uso wa kusema naye. Lakini jibu lake pale chumbani, mimi nalisikia kama mlango uliofunguliwa. "Mambo yako yanakwenda" ni sentensi ya kijana anayekuona mchana tu. Hajaliona shuka lililolowa, hajui kwamba unaamka kupapasa gizani, hajui kuhusu mwenzako na kile kiti. Huhitaji kuwa msafi ili umweleze hayo. Unahitaji kuwa mkweli. Ukweli huo nao una hatari zake. Anaweza kuutumia kama ngao, au ukajikuta umemtwika kijana wa miaka 19 mzigo wa kukuliwaza. Chagua kiasi anachokihitaji, na mengine ukamweleze mtu mzima mwenzako.

Ningependa pia usikie neno lake la wasiwasi kabla ya kusikia neno bangi. Wasiwasi huo ulianza lini? Asubuhi kabla hajavuta huwa anajisikiaje? Inawezekana anaponya hofu ya masomo, na inawezekana anaponya arosto ya jana kama wewe. Majibu hayo mawili yanahitaji misaada tofauti, na chuo kikiwa na mshauri au zahanati, huko ndiko kwa kuanzia. Hata kama hayuko tayari kuacha, kuna ya kukubaliana ninyi wawili: kutovuta kabla ya masomo, kutoendesha chombo chochote baada ya kuvuta, na kutonunua mafuta yasiyojulikana yametoka wapi. Hili la mwisho ni zito. Kufikia Februari 2020, watu zaidi ya 2,800 walikuwa wamelazwa nchini Marekani na 68 wamekufa kwa madhara ya mapafu, na mkosaji mkuu aliyegunduliwa ni asetati ya vitamini E iliyochanganywa kwenye mafuta ya bangi ya mitaani.

Kuhusu wazazi, sikushauri uwatumie kama fimbo. Kijana akitishiwa atajificha vizuri zaidi, nawe utapoteza kile kidogo anachokuonyesha sasa. Kwa upande mwingine, walikukabidhi mtoto wao, na kuwaficha kwa muda mrefu kutakuelemea. Labda yeye mwenyewe atakubali kuwaambia ukiwa umeketi kando yake. Labda ataomba muda wa kujaribu kwanza, nanyi mtaukubali au kuukataa kwa kutazama hali yake. Utayapima hayo wewe unayeishi naye. Ukizungumza naye, chagua saa ambayo hakuna kati yenu aliyevuta, na simu mziweke mbali. Na ukipata nafasi, niandikie tena. Ningependa kujua usingizi wako unaendeleaje, na yeye alikujibu nini.

Wako,
Mshauri